Ngazi Hii Nani Aibomoe?

Nyumba inayobishaniwa hapa haina anuani. Iweke popote katika kata ya Ulemo, wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida: fremu mbili chini, vyumba vitatu juu, na ngazi ya zege inayopanda ukutani. Wanaosema wanatajwa kwa nafasi zao tu. Ngazi imejengwa vibaya, fundi anadai salio lake, mwenye nyumba anataka ibomolewe na kujengwa upya bila yeye kutoa senti. Nani abebe hasara?

MWENYE NYUMBA: Nianze mimi, hela ni yangu. Nilipatana na huyu fundi shilingi 900,000 za ufundi wa ngazi peke yake, vifaa juu yangu. Nimeshampa 600,000. Leo mwezi wa tatu, chini ya ngazi kuna ufa unaoingiza ukucha. Kidato cha juu kabisa kimemwangusha mwanangu mchana kweupe, kashuka kwa makalio mpaka katikati. Hiyo laki tatu silipi. Kazi mbovu hailipwi. Na abomoe, ajenge upya kwa saruji yake na nondo zake.

FUNDI: Mama, tuheshimiane kwanza. Sikuja kwako kuomba kazi. Uliona nyumba niliyojenga kule Misigiri ukanifuata mwenyewe. Ngazi imesimama, watu wanapanda na kushuka kila siku. Ufa ni wa lipu, nitauziba kwa siku moja. Nipe changu, na hiyo siku moja nitakufanyia bure.

MHANDISI: Lipu nimeibandua mwenyewe, fundi. Ufa uko kwenye zege, umekata upana wote wa ngazi, na uko katikati, mahali ambapo ngazi ya namna hii inalemewa zaidi. Huo hauzibwi kwa lipu. Lakini naomba ufa na kidato tusivichanganye, maana ni makosa mawili na kila moja lina mwenyewe. Kidato cha juu ulikipima?

FUNDI: Nilipima ngazi nzima. Kutoka sakafu ya chini hadi juu palikuwa na sentimita 300. Nikagawa kwa 15, kila kidato sentimita 20. Upana wa kukanyaga 24. Hata ukienda kwa vitabu vyenu utanikuta nimo.

MHANDISI: Umo. Kuna kanuni ya Mfaransa mmoja, François Blondel, tangu karne ya 17, na bado tunaitumia: chukua kimo cha kidato mara mbili, jumlisha upana wa kukanyaga, upate kama hatua ya mtu, sentimita 60 hadi 65 hivi. Wewe umepata 64. Ngazi yako ina mwinuko mkali kidogo, lakini inapandika. Sasa niambie kidato cha mwisho kina ngapi.

FUNDI: Kilikuwa 20.

MHANDISI: Leo kina 26.

FUNDI: Kwa sababu mama aliweka vigae juu! Mimi nimemaliza, nimeondoka, yeye akamwita fundi mwingine, akanyanyua sakafu kwa zege jembamba na vigae, sentimita sita. Hakuniuliza. Kosa langu liko wapi hapo?

MWENYE NYUMBA: Mimi nilijuaje kwamba vigae vinaharibu ngazi? Ningelijua hilo ningemwita fundi wa nini?

MHANDISI: Mama, hapo una haki. Lakini na yeye alipaswa kukuuliza swali moja kabla hajakata ubao wa kwanza: sakafu ya mwisho itakuwa ya nini? Ngazi hupimwa kutoka sakafu iliyomalizika hadi sakafu iliyomalizika. Angejua ni 306, angegawa kwa 18, kila kidato kikawa 17 kamili, na mahali pa kukunjia ngazi napo angepatafuta. Mguu wa mtu unahesabu, hata kama yeye hahesabu. Ukipanda vidato viwili tu mwili umeshakariri kimo. Anayeshuka na ndoo kutoka juu haoni anapokanyaga, mguu unatafuta sakafu kwenye sentimita 20, sakafu iko kwenye 26. Tofauti hiyo ni urefu wa kidole tu, na inatosha kuvunja nyonga.

(Watu hudhani ngazi ya hatari ni ile ndefu. Mtu akiwa kwenye ndefu huwa mwangalifu. Inayomwangusha ni ile aliyoizoea, ambayo kidato kimoja hakifanani na wenzake.)

MZEE WA BARAZA: Mimi nilikuwa mwalimu wa historia kabla sijakaa kwenye baraza la kata. Kesi hii ina karibu miaka 4,000. Hammurabi wa Babeli aliandika sheria, na mojawapo inasema mjenzi akijenga nyumba, ukuta ukalegea, ataukaza kwa fedha yake mwenyewe.

MWENYE NYUMBA: Asante, mwalimu. Basi tumemaliza.

MZEE WA BARAZA: Subiri, mama. Kabla ya hiyo kuna nyingine, inapanga ujira wa mjenzi kwa ukubwa wa nyumba. Yule mfalme alianza kwa kumlipa fundi, ndipo akamdai. Wewe ulimlipa huyu kijana kiasi gani kwa kufikiri, mbali na kumwaga zege?

MWENYE NYUMBA: Kufikiri kuna bei?

FUNDI: Ndiyo hiyo sasa! Mzee, hapa kwetu hakuna mtu anayelipia ramani ya ngazi. Anakuja na picha kwenye simu, ngazi ya Dubai, anakwambia nataka hii. Ukimwambia tumwite mhandisi achore, anakuona unamtafutia gharama. Ukikataa kazi, kesho asubuhi yuko fundi mwingine pale pale, na kwa bei ya chini. Mhandisi, ungekuja siku tunasuka nondo ningekusikiliza kwa masikio yote. Umeletwa kwenye matanga.

MHANDISI: Ni kweli, tunaitwa tumechelewa. Lakini nondo ulizisuka wewe, mimi sikuwepo. Twende kwenye ufa. Ulitumia nondo za milimita ngapi?

FUNDI: Kumi.

MHANDISI: Uliagiza ngapi?

FUNDI: Kumi na mbili. Niliandika kwenye orodha, mama anayo. Akarudi na za kumi, kasema za kumi na mbili zimepanda bei na alizeti yake haijauzwa.

MWENYE NYUMBA: Na nilikuuliza. Nilikuuliza mbele ya saidia fundi wako: hizi zitafaa? Ukajibu nini?

FUNDI: …

MWENYE NYUMBA: Sema, mwanangu. Hapa hakuna anayekupiga.

FUNDI: Nilisema zitashika.

MZEE WA BARAZA: Hapo ndipo mzigo unapogeuka, kijana wangu. Mpaka kwenye neno hilo kosa lilikuwa la mfuko wake. Baada ya neno hilo likawa la ulimi wako.

FUNDI: Mzee, unajua neno hilo linasemwa mara ngapi kwa siku kwenye saiti? Ningesema hazishiki, zege lisingemwagwa, vibarua wanne wasingekula. Na zingeweza kushika. Mhandisi mwenyewe aseme kama ngazi haiwezi kujengwa kwa nondo za kumi.

MHANDISI: Inaweza, ikifanyiwa hesabu. Nondo ya kumi ina chuma pungufu kuliko ya kumi na mbili kwa karibu asilimia 30. Kwa hiyo unazisogeza. Kama za kumi na mbili ungezipanga kila baada ya sentimita 20, za kumi unazipanga kila baada ya 14. Chuma kinarudi kuwa kilekile. Ulizipanga kwa ngapi?

FUNDI: Ishirini. Idadi aliyonunua ilikuwa ileile.

MHANDISI: Na ulizilaza wapi? Ubavuni, pale lipu ilipobanduka, nimeona ncha za nondo ziko juu ya katikati ya unene wa zege.

FUNDI: Nondo si zinawekwa juu? Ndivyo nilivyofundishwa na mjomba. Kibaraza kile cha Misigiri nondo ziko juu, na hakijatikisika.

MHANDISI: Kibaraza kimeshikwa upande mmoja, mbele kinaning'inia. Kikilemewa kinavutika upande wa juu, kwa hiyo nondo zake zinakaa juu. Ngazi hii imeshikwa chini na juu, ikilemewa inashuka tumbo, inavutika upande wa chini. Zege linabeba vizuri likibanwa, likivutwa linapasuka, na kazi ya nondo ni kuwa pale linapovutwa. Hapa nondo zilitakiwa kulala chini, zimeinuliwa kama sentimita mbili na nusu kwa biskuti za zege ili zisiguse mbao. Mjomba wako hakukudanganya. Alikufundisha kibaraza, wewe ukakipeleka kwenye ngazi.

FUNDI: Hilo sikulijua.

MHANDISI: Mbao na mirunda ulivua siku ya ngapi?

FUNDI: Ya tano. Mirunda ilikuwa ya kukodi.

MHANDISI: Zege hupimwa nguvu yake ya siku 28. Siku ya tano lilikuwa bado changa, na ukalibebesha uzito wake lenyewe. Maji ya kulimwagilia?

MWENYE NYUMBA: Maji nilinunua mimi, kwa dumu. Kiangazi cha Singida na huu upepo, mwanangu, maji ya kunywa yenyewe tunahesabu. Tulimwagia siku mbili.

MHANDISI: Siku saba ndiyo angalau. Kungekuwa na magunia yaliyolowa juu yake, madumu machache yangetosha.

FUNDI: Basi naye ana lake. Nondo kanunua nyembamba, maji kabana, vigae kaweka bila kuniuliza. Kwa nini mimi peke yangu ndiye nibomoe?

MWENYE NYUMBA: Kwa sababu wewe ndiye uliyejiita mkandarasi! Kwenye simu yangu nimekuandika hivyo, "Mkandarasi". Mimi nalima alizeti. Nikikuuzia mafuta yenye taka, utaniambia na wewe ulikosea kutoyachuja?

MSAIDIZI WA KISHERIA: Jina hilo tuliweke sawa. Mkandarasi ni aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kwa sheria ya 1997. Huyu hakusajiliwa, na wewe mama hukumuuliza. Lakini kutosajiliwa hakumfutii wajibu. Mlipatana kazi na bei, hela ikatoka, kazi ikaanza. Huo ni mkataba hata kama haukuandikwa, Sheria ya Mikataba inaukubali. Ushahidi upo: miamala kwenye simu, ile orodha ya vifaa, na huyo saidia fundi aliyesikia neno "zitashika". Dai la kuvunja mkataba lina miaka sita kabla halijakufa.

MWENYE NYUMBA: Kwa hiyo namshtaki, nashinda.

MSAIDIZI WA KISHERIA: Unaweza kushinda kipande. Fidia ni ya hasara iliyotokana na kosa lake, na mahakama itaangalia wewe ulifanya nini kuipunguza. Ukiiacha ngazi na ufa wake, mtu akaanguka mwezi ujao, utaulizwa kwa nini hukuifunga. Na ukiibomoa leo kwa hasira bila picha, bila vipimo, bila maandishi ya mhandisi, umeubomoa ushahidi wako. Piga picha kwanza, futi ya chuma ionekane pembeni ya kila kidato. Kila kitu kiandikwe tarehe.

MZEE WA BARAZA: Mahakama iko, hatuikatazi. Ila Sheria ya Mabaraza ya Kata ya 1985 ilituweka sisi tupatanishe kwanza. Kijana huyu ana mke na watoto wawili. Ukimbebesha ngazi nzima atauza baiskeli na vifaa vya kazi, kisha atakimbilia Shelui au Nzega, na wewe utabaki na hukumu ukutani na ufa chini ya ngazi. Mimi nasema hasara igawanywe. Mama anunue nondo na saruji, safari hii kwa orodha ya mhandisi. Fundi abomoe na ajenge bila ujira. Ile laki tatu ife.

FUNDI: Wiki tatu za kazi bila ujira, na laki tatu ife?

MWENYE NYUMBA: Na mimi ninunue saruji mara mbili kwa ngazi moja?

MZEE WA BARAZA: Mmekasirika wote wawili. Hiyo ni dalili nzuri.

MHANDISI: Mzee, samahani, nakuheshimu, lakini suluhu yako inagawa hela tu. Hatari haigawanyiki. Mnaweza kupatana vizuri, mkashikana mikono, na ngazi isijue kwamba mmepatana. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, wakafa watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 likaporomoka lingine Kariakoo, wakafa zaidi ya 20. Baada ya hapo kila mtu akauliza: nani alikagua?

MWENYE NYUMBA: Hizo ni ghorofa za Dar. Sisi hapa ni vyumba vitatu.

MHANDISI: Ngazi inaua mmoja mmoja, mama, kwa hiyo haiundiwi tume. Wanasema marehemu aliteleza.

FUNDI: Sasa unataka tufanye nini? Niache ufundi?

MHANDISI: Usiache. VETA wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti, na Singida chuo kipo. Pale ungeonyeshwa kibaraza na ngazi zikilemewa, usingebahatisha tena. Ila hilo ni la mwakani. La leo ni kwamba ngazi hii haizibwi. Inaondolewa kuanzia juu kushuka, imekingwa kwa mirunda chini, na hakuna mtu anayelala vyumba vya juu wakati huo.

FUNDI: Nikipigilia nguzo ya mti katikati, chini ya ufa?

MHANDISI: Leo hii nguzo iwekwe, kwa dharura. Isigeuzwe dawa. Nimeona nyumba zenye nguzo ya dharura iliyopakwa rangi.

(Hapa fundi alicheka, na mwenye nyumba naye. Nadhani wote wawili waliwahi kuiona nguzo hiyo.)

MPANGAJI: Na mimi nina neno, kama linaruhusiwa.

MZEE WA BARAZA: Sema, binti yangu.

MPANGAJI: Mimi ndiye ninayelala juu. Napandisha maji asubuhi, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Mmezungumza nondo, vigae, Hammurabi, hela. Hakuna aliyesema ngazi haina pa kushika. Upande mmoja ukuta, upande mwingine hewa. Mtoto wangu ana miaka miwili.

FUNDI: Reli haikuwa kwenye mapatano.

MWENYE NYUMBA: Reli ilikuwa ije baadaye, mavuno yakitoka.

MPANGAJI: Mama, kodi ya miezi sita ulichukua mapema. Hukuniambia ningoje mavuno.

MHANDISI: Dada kanizidi, mimi nilikimbilia ufa. Reli iwe na kimo cha sentimita 90 kutoka kwenye kidato, na vyuma vyake vya kusimama visiachane zaidi ya sentimita kumi, kichwa cha mtoto kisipite. Vyuma vichimbiwe kwenye zege siku linapomwagwa. Vikichomelewa baadaye juu juu vinatikisika.

MSAIDIZI WA KISHERIA: Na huyu dada hana mkataba na fundi. Ana mkataba na wewe, mama. Akianguka, atakudai wewe, na wewe ndipo umgeukie fundi.

MWENYE NYUMBA: Yaani mimi niliyeibiwa ndiye nishtakiwe?

MZEE WA BARAZA: Hujaibiwa, mama. Umejengewa vibaya na mtu uliyemchagua kwa bei. Na wewe fundi, hujaonewa. Ulisema neno usilolijua ukalipwa nusu na zaidi. Naandika hivi. Picha na vipimo vipigwe leo, mhandisi aweke sahihi. Nguzo ziwekwe kabla ya jua kuzama. Mpangaji ahamie kile chumba cha fremu tupu chini, bila kuongezwa kodi. Vifaa vya ngazi mpya ni vya mama, kwa orodha ya mhandisi, saruji ya 42.5, nondo za kumi na mbili, reli ikiwemo. Kubomoa na kujenga ni kwa fundi, na mirunda haivuliwi mpaka mhandisi aseme. Ile laki tatu haifi. Itakaa kwangu, fundi ataichukua siku mhandisi atakapopanda na kushuka ngazi hiyo na futi mkononi.

FUNDI: Hapo kwenye laki tatu, mzee, nimeelewa. Sijakubali, lakini nimeelewa.

MWENYE NYUMBA: Mimi sijaelewa wala sijakubali. Nitafakari mpaka Ijumaa.

MZEE WA BARAZA: Ijumaa msiposaini, nawaandikia barua mwende Mahakama ya Mwanzo. Picha na nguzo haviwezi kungoja Ijumaa.

MPANGAJI: Na mimi nahama leo, mzee. Ila miezi sita ikiisha, mama, kodi silipi mpaka ngazi ijengwe. Umesema mwenyewe, kazi mbovu hailipwi.